Ruta ya Kampuni: Ibaki au Ing'oke?

Wanaobishana humu ni watatu: mwalimu wa kompyuta, mhasibu wa shule, na fundi wa sola ambaye siku hizi hufunga mitandao pia. Watu wenyewe nimewatunga. Hoja zao sikuzitunga. Ndizo zinazosikika kila mahali nchini Kenya ambako dishi la Starlink limefungwa na likaanza kutumiwa na watu wanaozidi familia moja. Shule yao tuiweke kando ya mto Tana. Ni ya bweni, faiba haijafika, na mnara wa simu ulio karibu huzidiwa kila jioni. Dishi lao ni lile la mstatili lililokuwa likiuzwa huduma ilipozinduliwa Kenya Julai 2023. Lilikuja ndani ya boksi moja na waya wake na ruta nyeupe inayosimama wima. Ruta hiyo ndiyo yenye kesi.

MWALIMU: Mimi nina malalamiko tu, majibu sina. Kompyuta za maabara zikiwashwa zote, ukurasa mmoja unafunguka kipindi kikielekea kuisha. Wakati huohuo walimu wenzangu wako chumbani kwao wanatazama mpira bila kukwama. Fundi akaniambia ubovu ni wa ruta.

FUNDI: Nilisema huenda, mwalimu. Lakini itazame yenyewe. Wi-Fi yake ni ya kizazi cha tano, na haina hata tundu moja la kuchomeka waya wa mtandao. Ukitaka waya, unanunua adapta yao kando. Hiyo ni ruta ya sebuleni. Nyinyi mmeiweka ofisini, nyuma ya kuta mbili za matofali, halafu mnataka ihudumie maabara nzima.

MHASIBU: Mwanangu, kila fundi anayeingia hapa hukuta kazi ya aliyemtangulia ni mbovu. Wa jenereta alisema hivyo, wa pampu akasema hivyo. Kabla sijaandika cheki nataka kuoneshwa kwamba kasoro iko kwenye ruta. Pengine iko huko juu mbinguni, wewe unataka kuitibu kwa pesa za hapa chini.

Mhasibu hajui ruta inavyofanya kazi, na bado ndiye aliyeuliza swali lililopaswa kutangulia. Njia ya data hapo shuleni ina vipande vitatu. Cha kwanza ni kati ya setilaiti na dishi. Setilaiti hizi huzunguka takriban kilomita 550 juu ya ardhi, hupita haraka, na dishi halina budi kuiacha moja na kuishika nyingine. Watafiti waliopima mtandao huo wamekuta kwamba mgao wa nani ahudumiwe na setilaiti ipi hupangwa upya kila sekunde 15, na ucheleweshaji hupanda na kushuka pamoja na mpango huo. Kipande cha pili ni waya unaoshuka kutoka paani. Cha tatu ni hewa ya ndani ya majengo, kutoka kwenye ruta hadi kwenye kompyuta. Ruta mpya hutibu hicho cha tatu. Mwembe unaoziba upande mmoja wa anga hautibiwi na ruta ya bei yoyote.

Na vipande hivi vinapimika. Programu ya simu ya Starlink ina kipimo kinachoonesha kasi ya intaneti hadi kwenye ruta, kisha kasi ya ruta hadi kwenye simu, kila moja peke yake. Wengi hawafiki hapo. Hufungua tovuti yoyote ya kupima kasi, wakaona namba moja, wakaanza kutafuta wa kulaumiwa.

FUNDI: Nimepima. Kutoka intaneti hadi kwenye ruta, megabiti mia na kitu. Kutoka kwenye ruta hadi kwenye simu yangu nikiwa maabara, hata kumi hazifiki.

MHASIBU: Basi wenye makosa ni kuta. Ihamisheni ruta.

MWALIMU: Tukiihamishia maabara, ofisi itabaki mkono mtupu, na wewe mama ndiye utakayekuwa wa kwanza kunipigia simu malipo yakigoma kuingia.

FUNDI: Kwa hilo mama amenipata. Kinachotakiwa kwanza ni ile adapta, waya wa kuzikwa hadi maabara, na swichi ya kuzigawia kompyuta za mezani. Ruta inaweza kubaki palepale ilipo.

Maneno hayo nimemtilia fundi kinywani kwa makusudi, maana si mafundi wengi wanaoyatamka. Kuuza ruta ni kazi ya nusu saa. Kuchimba mtaro wa waya juani ni kazi ya siku nzima na malipo yake ni ya kubishania. Kwa nyumba ya kawaida ya vyumba vitatu, mjadala ungekuwa umekwisha hapa, na mwenye nyumba angefanya vyema kuiacha ruta ya kampuni ikae. Kwa shule ndiyo kwanza unaanza.

FUNDI: Waya ukifika, mama, lawama zitahamia kwingine. Mwalimu mmoja atapandisha video ya harusi ya dada yake, na maabara nzima itasimama. Kasi ipo, lakini data za wote zinapangwa foleni moja, na aliyekuja na mzigo mkubwa ndiye anayewachelewesha wengine.

Jambo hili si uvumi wa mafundi. Kifaa cha mtandao kikipokea data nyingi kuliko kinavyoweza kuzitoa, huziweka zingoje zamu. Kikiwa na pa kuzihifadhi pakubwa mno, kungoja kunarefuka mpaka simu ya video inakatikakatika hata kama kipimo cha kasi kinasoma vizuri. Mhandisi wa Kimarekani Jim Gettys alilipigia kelele tatizo hili, na mwenzake Dave Täht, aliyefariki mwaka 2025, alitumia miaka mingi kusambaza programu za bure za kupanga foleni kwa haki, akiikosoa Starlink nayo bila kificho. Kampuni yenyewe ilitangaza mwaka 2024 kwamba imejipa kazi ya kuupunguza ucheleweshaji huo. Kwa hiyo fundi akisema leo kwamba ruta yake itaondoa foleni, tumuulize pia ataiambia ruta hiyo kwamba njia ina upana gani. Kwenye faiba upana haubadiliki, unaandika namba mara moja basi. Kwenye setilaiti unabadilika kila mara, na namba salama ni ile ya chini, maana yake unaacha sehemu ya kasi uliyoilipia ili upate utulivu. Mimi ningeiacha bila kusita. Lakini anayelipa bili aambiwe.

MWALIMU: Kwangu foleni si kitu kikubwa. Nina wanafunzi wa miaka kumi na minne mle ndani. Nataka mtandao wa maabara uwe mbali na wa walimu, wa walimu uwe mbali na wa ofisi iliyo na hesabu za shule. Nataka saa nne usiku maabara izimike yenyewe. Nataka tovuti chafu zisifunguke.

MHASIBU: Na ruta tuliyo nayo haiwezi?

MWALIMU: Nimeikagua yote. Inakuruhusu kubadilisha jina la mtandao na neno la siri, kuona nani ameingia, hata kuchagua DNS, yaani huduma ya kutafuta anwani za tovuti, iwe ile inayochuja. Lakini mwanafunzi mjanja akiandika DNS nyingine kwenye kompyuta yake, kichujio changu kimekwisha. Kumpimia kila mtu kasi yake, haitaki. Kumfungulia njia ya kuingia mtu wa nje, haina.

FUNDI: Na ruta ya MikroTik, hata ile ndogo kabisa, inafanya hayo yote. Maombi ya DNS ya kawaida, yasiyofichwa kwa msimbo, yanakamatwa langoni, mtu aandike atakacho.

MHASIBU: Kwa hiyo nikiwa nyumbani nitaweza kuziona kamera za geti?

FUNDI: Hapo nisikudanganye, mama. Kwenye kifurushi cha kawaida wateja wengi wanachangia anwani moja ya intaneti, na ile mnayopewa nyinyi inaanza na mia moja, ni ya ndani ya kampuni. Kubadilisha ruta hakubadilishi anwani hiyo. Kuna njia za kuzunguka, ila ni kazi nyingine na bei nyingine.

Ninapenda fundi anayejua kusema hapana. Lakini sasa inakuja sehemu ambayo wauzaji huipitia haraka: ruta hii inaondolewaje?

FUNDI: Unaingia kwenye programu yao, unaiambia ruta ijiweke kando. Inazima Wi-Fi yake, inaacha kugawa anwani, inapitisha data tu kwenda kwenye ruta yenu mpya kupitia ile adapta. Mkitaka kuirudisha kazini, hakuna kitufe cha kugeuza. Itabidi irudishwe ilivyotoka kiwandani.

MHASIBU: Inapitisha data? Kwani haiondoki?

FUNDI: Haiondoki. Umeme wa dishi unapita ndani yake. Ukiichomoa, dishi nalo linazima.

MHASIBU: Yaani ninunue ya pili, na ya kwanza nayo ibaki ukutani ikila stima?

Mshangao wake una haki, na historia ya kifaa hiki inaueleza. Dishi la kwanza la Starlink, lile la duara lililoanza kufikia wateja mwaka 2020, lilikuwa na kisanduku cha umeme kilichosimama peke yake. Waya mmoja ulikwenda kwenye dishi, mwingine kwenye ruta. Aliyeichoka ruta aliichomoa akachomeka yake, kazi ya dakika moja. Lilipokuja dishi la mstatili mwishoni mwa 2021, kisanduku kikaingizwa ndani ya ruta, vichwa vya waya vikawa vya aina yao wenyewe, na tundu la mtandao likatolewa. Toleo lililofuata lilirudisha matundu mawili na Wi-Fi 6, na maelezo yake yanataja vifaa hadi 235, lakini umeme wa dishi bado unapitia kwenye ruta. Nalo lile dogo la Mini, lililoanza kuuzwa 2024, limeimeza ruta kabisa: iko ndani ya dishi. Kila toleo ni rahisi zaidi kwa asiyejua kitu, na hakuna lililomrudishia anayejua uhuru wa lile la kwanza. Sidai kwamba ni njama. Kifaa chenye waya mmoja kina maswali machache kwa wahudumu wa wateja. Matokeo yake kwa mnunuzi ni yaleyale, njama iwepo isiwepo.

FUNDI: Ipo njia ya kuing'oa moja kwa moja. Sola yenu inatoa umeme wa betri, inveta inaugeuza kuwa wa 240, halafu ruta inaugeuza tena kuwa wa volti 48 kulisha dishi. Kila mgeuzo unapoteza. Dishi na ruta yake hula wati 50 hadi 75, usiku kucha. Nikiweka kifaa cha kulisha dishi kutoka kwenye betri bila kupitia inveta, mtaona tofauti. Lakini lazima nikate ule waya wao na kuupanga upya, maana nyuzi za ndani hazijapangwa kwa utaratibu wa kawaida. Ukikosea, umeunguza dishi.

MHASIBU: Hapana. Usikate waya wa kifaa kilichonunuliwa kwa karo ya wazazi, dhamana nayo ikapotea. Afadhali betri moja ya ziada.

Hapo nipo na mhasibu bila sharti lolote. Mtu anayeishi kwenye mashua au kwenye gari la safari ana sababu ya kukata. Taasisi haina. Na kuna wateja ambao hata hawana haki ya kufikiria kisu: waliochukua vifaa kwa kukodi, njia iliyoletwa Kenya mwaka 2024 kwa Sh 1,950 kwa mwezi. Cha kukodi hurudishwa kilivyokuja.

MWALIMU: Mimi bado nauliza kitu kimoja. Kifaa tumenunua sisi, kiko ndani ya nyumba yetu. Kwa nini tuombe ruhusa? Mwaka 1968, Marekani, tume ya mawasiliano iliamua kesi ya Carterfone. Thomas Carter wa Texas alikuwa ametengeneza kifaa cha kuunganisha redio ya upepo na simu ya mezani, na AT&T ilikuwa hairuhusu chochote kisicho chake kiguse waya wake. Ikaambiwa: almradi kifaa hakidhuru mtandao, kiachwe. Ulaya wakaandika kwenye kanuni ya 2015 kwamba mteja ana haki ya kutumia kifaa anachokitaka, na Wajerumani kuanzia tarehe 1 Agosti 2016 wakazilazimisha kampuni kuwapa wateja taarifa zote za kuunganishia ruta zao wenyewe.

FUNDI: Mwalimu, na dishi je? Nikuletee dishi la kampuni gani badala ya hili?

MWALIMU: Hakuna.

Hakuna, kweli. Swali lililowasumbua wanasheria wa Ulaya ni hilo: mtandao wa kampuni unaishia wapi, na nyumba ya mteja inaanzia wapi? Kwa faiba unaweza kubishana kama mpaka ni ukutani au nyuma ya kisanduku. Kwa setilaiti mpaka uko paani, na dishi limo upande wa kampuni hata kama risiti ina jina lako. Linazungumza lugha ambayo hakuna mwingine anayeiuza. Wapo waliolifungua: Agosti 2022, mtafiti Lennert Wouters wa Chuo Kikuu cha KU Leuven, Ubelgiji, alionesha Las Vegas jinsi kibao cha vipuri vya takriban dola 25 kinavyoweza kulitikisa umeme dishi hadi likubali amri zake. Starlink walimpongeza na kuwaalika wengine wajaribu. Lakini kulifungua dishi na kuwa na la kulibadilishia ni mambo mawili.

FUNDI: Ndiyo maana nasema tushike kilicho chetu. Tarehe 24 Februari 2022, siku Urusi ilipoivamia Ukraine, watu waliingia kwenye mfumo wa usimamizi wa mtandao wa setilaiti ya KA-SAT, wa kampuni ya Viasat, wakatuma amri kwa modemu za wateja. Makumi ya maelfu zikafutwa kumbukumbu, zikawa mawe. Ujerumani, mitambo 5,800 ya umeme wa upepo ikakosa mawasiliano. Kampuni ikabidi itume karibu modemu 30,000 nyingine. Kifaa kinachoamriwa kutoka mbali kinaweza kuuliwa kutoka mbali.

MWALIMU: Sasa ruta yako ingewaokoa vipi? Zilizokufa ni modemu.

FUNDI: Intaneti isingerudi. Lakini mtandao wa ndani ungebaki. Hapa shuleni mna Kolibri kwenye kompyuta moja, masomo yote yako humo, hayahitaji intaneti. Ruta ya kampuni ikifa leo, hata Kolibri haifikiki, kwa sababu kila kitu kimetundikwa juu yake.

Hoja hii ndiyo iliyonivuta mimi upande wa fundi, kuliko ile ya kasi. Shule yenye swichi na ruta yake haikosi masomo kwa sababu bili imechelewa, au wingu zito limekaa juu ya dishi, au mtu aliye mbali amebonyeza pasipotakiwa.

MWALIMU: Na mimi nikukumbushe Mei 2018. Virusi vya VPNFilter viliingia kwenye ruta zisizopungua 500,000 katika nchi 54. Hazikuwa ruta za kampuni ya setilaiti. Zilikuwa Linksys, Netgear, TP-Link, na hiyohiyo MikroTik yako. Nyingi zilikuwa za watu walionunua, wakafunga, wakasahau. Hii nyeupe inajisasisha yenyewe usiku sisi tumelala. Yako nani ataisasisha?

FUNDI: Mimi.

MHASIBU: Wewe? Fundi aliyefunga kamera za geti yuko Qatar. Kamera zinawaka taa, picha hakuna anayeziona, kwa sababu neno la siri aliondoka nalo. Nilimpigia, akaniambia atatuma. Mwaka wa pili huu.

Kimya kidogo kilifuata, na hakikuwa cha fundi peke yake. Mabishano ya ruta hujifanya ni ya megabiti, kumbe yanahusu nani atakuwa msimamizi. Kampuni ni msimamizi mgumu: haikuulizi, haikusikilizi sana, inabadilisha mambo itakavyo, lakini ipo kesho. Fundi ni msimamizi mwepesi, anakuja ukimwita, mpaka siku anapopata visa. Sijaona shule iliyoharibikiwa kwa kununua ruta mbaya kama zile zilizoharibikiwa kwa kununua ruta nzuri na kutobaki na mtu wa kuifungua.

FUNDI: Basi nitaandika kila kitu. Neno la siri la ruta, la programu ya Starlink, mchoro wa waya, jinsi ya kuirudisha ruta nyeupe kazini yangu ikifa. Daftari moja.

MHASIBU: Madaftari mawili. Moja litakaa kwenye sefu yangu. Na mwalimu utamfundisha, mbele yangu, aisasishe mwenyewe mara moja na airudishe ile ya zamani mara moja, nione inawezekana. Akishindwa, hulipwi.

MWALIMU: Mama, mtihani tena?

MHASIBU: Muhula huu nitatoa pesa za adapta, waya na swichi. Na ule mwembe wa upande wa mto upunguzwe matawi, hilo halihitaji cheki. Muhula ujao mnipimie tena vipande vyote vitatu, mbele yangu. Ikiwa mtaona bado mnahitaji kugawa mtandao, nitanunua ruta, iwe na idhini ya Mamlaka ya Mawasiliano. Isiwe ya kuokotwa Luthuli Avenue, Nairobi.

FUNDI: Kugawa mtandao hakungoji muhula ujao. Hesabu zako na kompyuta za wanafunzi ziko kwenye mtandao mmoja hivi sasa. Nikiwa mwanafunzi mtundu, leo usiku ninaanza na printa yako.

MHASIBU: Printa yangu?

MWALIMU: Inaonekana maabara, mama. Jina lake na kila kitu.

MHASIBU: Na mlikuwa mnaningoja nini kuniambia? Anzeni na ruta. Waya utafuata. Lakini risiti iwe ya eTIMS, ile inayotambuliwa na watu wa kodi.

FUNDI: Mama, hiyo ndiyo itakayochukua muhula.